Sahani ya Kwa Sekake

Ha Ramokoatsi, Mokhotlong
20 Januari 1991

Mdogo wangu Tlali,

Pokea salamu za nyumba nzima, tukianzia na shangazi Matumelo, ambaye ameniambia niandike kwanza kwamba magoti yake yanauma na wewe hujauliza. Sisi wengine wazima. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika begani, na shemeji yako Mokone amefufua kiti chake kibovu kwa mara nyingine, kwa hiyo wageni wetu wanakaa kwa imani.

Lipo jambo. Lineo ameposwa. Kijana anaitwa Motlatsi, mrefu, mtaratibu, hana maneno mengi. Ng'ombe wamezungumzwa na wazee wameridhika. Harusi ni Pasaka, ili nyinyi mlio migodini huko Afrika Kusini mpate kuja. Wewe ndiye mjomba, bila wewe binti hatoki. Omba ruhusa mapema.

Mke wa Khoarai, aliyekuja kumtembelea mumewe huko kwenu, anasema umekonda mpaka suruali inakutafuta. Kuna nini?

Ni mimi dada yako,
Malineo

*

Welkom
17 Februari 1991

Dada Malineo,

Barua yako ilikaa ofisini hadi karani aliponionea huruma. Nimefurahi, nimeisoma bwenini kwa sauti, na wenzangu wamenipongeza kana kwamba ninayeolewa ni mimi. Mwambie shangazi namuulizia magoti yake, yote mawili.

Pasaka nitakuja. Ruhusa nimekwisha kupewa.

Kukonda ni kwa sababu ya mpishi wetu. Nyama anaichemsha mpaka inasahau ilikuwa mnyama gani. Kazi ni ile ile. Usisikilize ya mke wa Khoarai.

Lakini hapo kwa Motlatsi umeruka kitu. Motlatsi mwana wa nani? Umenitajia urefu wake, hukunitajia baba yake.

Nduguyo,
Tlali

*

Ha Ramokoatsi
10 Machi 1991

Mdogo wangu,

Tunaendelea vyema. Kondoo wamekatwa sufu, na mwaka huu sufu ni safi sana, haijapata kuwa safi hivi. Lineo ameshona gauni, akalifumua, akalishona tena. Shangazi amefurahi kuulizwa, ila anasema goti la kushoto lilistahili sentensi yake lenyewe.

Umeuliza Motlatsi ni mwana wa nani. Ni mwana wa watu. Utawaona ukija. Njoo na blanketi nzito, usiku umeanza kuuma, na koti lile la kahawia upendeze.

Tena nakuomba, ukifika uwe na moyo mkubwa. Sisemi zaidi.

Na wewe, umenijibu habari ya mpishi. Nilikuuliza habari yako.

Malineo

*

Welkom
21 Aprili 1991

Dada,

Nimefika salama. Gari letu lilikwama mara mbili kule juu mlimani, tukashuka kusukuma, wenzangu wakanikataza kusukuma wakanikalisha juu ya mzigo kama bibi harusi. Habari zangu zilinitangulia.

Basi sasa mnajua nyote. Nilitaka niwaambie mwenyewe, kwa siku yangu, si kwa kuanguka mbele ya wakwe. Ni kisukari. Madaktari wa mgodi waligundua mwaka jana. Walinitoa chini ya ardhi wakanipa kazi ya kugawa taa kwa wanaoshuka, na kila asubuhi najichoma sindano. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungekuja hadi huku kunilisha kwa kijiko. Isitoshe, kijijini mtu akiondolewa chini, watu husema amekwisha.

Dawa ile kazi yake ni kushusha sukari mwilini. Ukiichoma halafu usile, inaendelea kushusha tu mpaka mtu anazimika kama taa iliyoishiwa mafuta. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Nilikuwa nimechoma alfajiri, na kwa Sekake nikakataa kula. Sababu unaijua. Ulinificha kwamba baba yake Motlatsi ni yeye, mtu tusiyesalimiana naye tangu mbio zile za farasi, nikaja kumwona langoni kwake, amevaa kofia mpya, ananichekea. Nitakuja kukugombeza kwa hilo baadaye.

Lakini nina swali. Mliniambia ni muuguzi wa zahanati aliyeniokoa, na namshukuru. Ila kabla hajafika palikuwa na mtu. Nilikuwa kama niliye kisimani, nasikia juu kuna anayenigombeza: "Usiniharibie sherehe, wewe. Rudi." Mkono wake ulikuwa chini ya shavu langu, na haukutoka. Si mkono wa mwanamke, na Mokone namjua, angekuwa analia. Nilikaa kwenu siku mbili baada ya harusi, na kila niliyemuuliza alikumbuka ghafla kazi ya uani.

Ni nani?

Tlali

*

Ha Ramokoatsi
19 Mei 1991

Mdogo wangu,

Tumeshukuru umefika. Tumevuna, magunia yamejaa kuliko mwaka jana. Lineo amezoea kwao, anakuja kila Jumapili kutuonyesha kwamba hajakonda. Anasema kule wanamwita mama wa nyumba na hawamruhusu kubeba maji peke yake. Shangazi anasema enzi zake walibebeshwa mpaka mlima.

Nimeyasoma ya sindano mara nyingi. Sikulia. Nililia kidogo. Mokone aliniambia afadhali sukari kuliko jiwe la mgodi kichwani, nikamwambia aende akafufue kiti.

Unakula? Asubuhi, kabla au baada? Muuguzi alitueleza, ila nataka kusikia kwako.

Habari ya mkono, watu walikuwa wengi pale. Mikono ilikuwa mingi. Kwa nini unahesabu mikono badala ya kushukuru uhai?

Malineo

*

Welkom
9 Juni 1991

Dada,

Nala. Nachoma, kisha nala papo hapo uji na mkate, na mfukoni nina sukari imefungwa kwenye karatasi.

Sasa nijibu. Wewe tangu utotoni ukitaka kuficha kitu unasifu mavuno. Nani alinishika? Kama ni mchawi, sema. Kama ni chifu, sema. Mtu hawezi kuishi bila kujua shavu lake lililala mkononi mwa nani.

Tlali

*

Ha Ramokoatsi
7 Julai 1991

Mdogo wangu Tlali,

Theluji imefika dirishani na barabara imefungwa, kwa hiyo barua hii sijui itaondoka lini. Hilo limenipa ujasiri. Mavuno siyasifu leo. Kaa chini usome.

Ulipomwona Sekake langoni ulisema kwa sauti watu wakasikia, "Mimi sili mkononi mwa mtu aliyeshinda mbio kwa kukata kona." Ukakataa nyama, ukakataa ugali, ukakataa hata kinywaji cha tangawizi. Tukasema hasira za mjomba, zitapita. Kumbe mwilini mwako umeshachoma dawa. Halafu ukaingia kwenye ngoma ya wanaume. Ulirusha mguu juu kuliko vijana wao wote, sisi tukakupigia vigelegele, tukidhani unawakomesha.

Nikaona unatoka jasho, na upepo ule ulikuwa wa baridi. Mikono ilikutetemeka. Ukaja kwangu ukaniita kwa jina la marehemu mama. Ukamgeukia dume la ng'ombe la Sekake ukalisalimia kwa heshima, ukaliuliza habari za nyumbani. Watu walicheka mpaka wakashikana. Walisema, mjomba kala hasira kakosa chakula, pombe imempanda. Na hukuwa umeonja hata tone. Hatua chache tu, ukaanguka kando ya ukuta wa zizi kama gunia.

Hapo kicheko kilikatika. Tulikuita, hukuitika. Shangazi Matumelo alichukua mkoba wako akaumwaga chini, ikatoka chupa ndogo na mabomba ya sindano. Akasema, "Kumbe mtoto wetu mgonjwa. Dawa yake hii hapa, amesahau kuichoma. Mchomeni." Unamjua shangazi akisema. Mokone aliwahi kuwachanja kondoo, akashika bomba, akaanza kuvuta dawa.

Ndipo Sekake akaja akisukuma watu. Aliichukua chupa akaisogeza karibu na macho. Akamwambia Mokone, "Weka chini. Hiyo ndiyo iliyomwangusha."

Shangazi alisimama. Yale magoti hakuyakumbuka. Akamwambia mbele ya wageni wote, "Wewe ni adui yake. Unataka afe, ndiyo maana unamnyima dawa yake." Watu wetu wakanguruma. Mokone akanitazama mimi, bomba mkononi. Tlali, wote walinitazama mimi, kwa sababu ni mimi niliyekunywesha uji mama alipofariki, na sikujua lolote. Dawa ni dawa, nilifikiri. Na huyu ni mtu ambaye ndugu yangu hamsalimu.

Sekake hakubishana na shangazi. Alipiga goti mbele yangu, akaniambia polepole: "Malineo, mke wangu alikuwa na chupa kama hii. Alianguka hivi hivi, nami sikuwepo, wakamchoma kwa mapenzi. Nilirudi nikamzika. Kama ningemtaka Tlali afe, ningenyamaza tu."

Nilimwamini. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakupaza sauti. Nikamnyang'anya Mokone lile bomba nikalirudisha mkobani.

Basi Sekake akakulaza ubavu, akakunja goti lako ili usibingirike, akafungua shingo ya shati, akakuinua kidevu kidogo ili pumzi ipite. Mokone masikini, akitaka naye asaidie, akaja na kata ya tangawizi akunyweshe. Sekake akaizuia kwa kiwiko. Alisema mtu aliyezimia hamezi, kitu kitakwenda mapafuni, tutamzamisha nchi kavu. Akaomba sukari. Akailowanisha kwa matone ya maji mpaka ikashikana, akachukua kidogo sana kwa kidole, akaipaka ndani ya shavu lako, lile la chini, kati ya fizi na shavu, bila kuingiza kidole katikati ya meno. Anangoja, anatazama unavyopumua, anapaka tena kidogo. Alisema hilo si tiba, ni kusogeza muda tu mpaka muuguzi aje.

Nani amfuate muuguzi? Motlatsi alikuwa ameshapanda farasi. Bwana harusi na suti yake, ua kifuani, alishuka ule mteremko kama anaiba ng'ombe. Lineo alisimama anamtazama, na nikajua binti yangu amepata mume.

Wewe ulilala pale na mkono wa Sekake chini ya shavu. Alikaa mavumbini na suruali yake ya sherehe, na muda wote alikuwa anakugombeza. Usiniharibie sherehe. Rudi. Nani atanitukana nikibaki peke yangu. Ndiyo sauti uliyoisikia.

Motlatsi alirudi na muuguzi amepanda nyuma yake, amefumba macho, amemkumbatia kiunoni, na hadi leo wasichana wanamtania Lineo kwamba siku ya harusi mumewe alikumbatiwa na mwingine. Muuguzi alikutoboa kidole, akatazama kikaratasi chake cha kupimia sukari, akakuchoma maji ya sukari kwenye mshipa. Hazikupita dakika nyingi ukafumbua macho. Unajua ulisema nini? Uliuliza, "Nani ameshinda?"

Watu walianguka kwa kicheko, wengine wanalia humo humo. Sekake aliinuka akaenda nyuma ya zizi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Moto ulikuwa upande mwingine.

Muuguzi akaagiza ule mara moja. Nikakuletea sahani ya ugali na nyama ya kondoo, na wewe ukala mpaka ukaifuta sahani kwa kidole, ukasema, "Hii ndiyo nyama ya kwetu, si ya yule." Tlali, ilikuwa ya yule. Ilitoka kwenye sufuria ya Sekake, na aliipakua yeye mwenyewe. Alituapisha wote tusiseme. Alisema, "Akijua ni mimi, atakitapika chakula, na muuguzi ameshaondoka."

Nimevunja kiapo. Ukasirike ukitaka. Lakini ukasirike umekula.

Dada yako,
Malineo

*

Ha Ramokoatsi
22 Septemba 1991

Mdogo wangu,

Theluji imeyeyuka, barabara imefunguka, gari la barua limepita na kupita tena, nawe kimya. Khoarai alipokuja likizo nilimuuliza kama u hai, akasema u hai na unatembea. Basi ni mimi tu niliyekufa.

Tuna habari njema. Lineo ni mjamzito. Shangazi amekwisha kumchagulia mtoto jina, la kwake.

Sekake anapita hapa kila wiki. Mara anatafuta kondoo aliyepotea, mara anauliza kama tuna mbegu za maboga. Hajapoteza kondoo, na maboga hayapendi. Anakaa kwenye kiti cha Mokone, anakunywa uji mchachu, anazungumza habari za upepo. Akifika mlangoni, tayari kuondoka, ndipo anauliza kana kwamba amekumbuka tu, "Na huko Welkom, wanaandika?" Namwambia hawaandiki. Anasema vizuri, vizuri, anavaa kofia.

Nilimweleza ukweli, kwamba nimekwambia. Alivua kofia aliyokuwa ameshaivaa. Akauliza jambo moja tu, kama huko unakolala yupo yeyote anayejua la kufanya ukianguka. Nikaona aibu.

Andika, hata matusi. Matusi nitampelekea yeye, atafurahi.

Malineo

*

Welkom
13 Oktoba 1991

Dada yangu Malineo,

Mimi mzima, na salamu nyingi kwako, kwa Mokone, kwa goti la kushoto la shangazi na kwa la kulia. Kwa habari ya Lineo nimecheza ngoma peke yangu kando ya kitanda. Mwambie ale, asibebe maji, na jina la mtoto asimwachie shangazi.

Barua yako ya theluji ilinifikia Agosti. Niliisoma nikaikunja nikaapa sitajibu. Nilikuwa na hasira nawe, kisha na Sekake, kisha na ile sahani. Wiki nzima nikiona nyama nasikia aibu. Halafu asubuhi moja nagawa taa, nikakumbuka nimelisalimia dume la ng'ombe kwa heshima, nikaanza kucheka dirishani mpaka foleni ikasimama. Tangu hapo hasira ilikosa pa kushika. Lakini kalamu bado ilikuwa nzito. Hujui jinsi ilivyo vigumu kumshukuru mtu uliyemchukia vizuri kwa miaka mingi.

Barua yako ya pili ndiyo iliyoniinua. Lile swali la Sekake. Hapakuwa na yeyote anayejua, dada. Tunalala sita chumba kimoja, na kati ya wenzangu Khoarai peke yake alikuwa na fununu. Chupa yangu naiacha zahanati ya mgodi, najichoma kule, narudi kimya. Wengine walidhani naenda kwa mwanamke wa kuuza chai.

Jumapili iliyopita niliwakalisha. Nikawaambia nina kisukari, nikawaeleza dalili zangu, jasho, kutetemeka, maneno ya ovyo. Nikiwa macho na ninameza, nipeni kitu kitamu, kisha chakula. Nikizirai, msinimwagie kitu mdomoni wala msinichome dawa yangu, nilazeni ubavu, mmoja abaki nami, mmoja akimbilie zahanati. Nililala sakafuni mwenyewe wajaribu. Walinigeuza vizuri, ingawa Khoarai alinigeuza kama anayetafuta sarafu chini yangu. Tulicheka sana.

Yupo mtu mmoja wa kabila la Wapondo tunayelala naye, Zolani, mkimya, mwili kama mwamba, anashuka chini kila siku. Yeye hakucheka. Wengine walipotoka kwenda mpirani alibaki, akafungua sanduku lake la bati, akatoa soksi, na ndani ya soksi akatoa chupa. Ile ile, dada. Anainunua kwa daktari wa mjini, anajichoma chooni, kwa kuogopa asitolewe chini. Alikuwa anafikiri katika mgodi huu mzima ni yeye peke yake. Akaniuliza, "Nikianguka kule chini, nani atanilaza ubavu?" Nami nilifikiri yule muuguzi kwenye farasi angefikaje kule.

Jana tulikwenda zahanati pamoja. Nilimshika mkono mlangoni kwa sababu aligeuka mara mbili. Watampa kazi ya juu. Jioni alikula sahani mbili na akaimba, na sasa tumegundua kwamba ana sauti mbaya kuliko zote.

Ile sukari yangu ya dharura wenzangu wanaiiba kunywea chai. Nimeiwekea kufuli, ufunguo ananiwekea Zolani.

Na huyo mtu. Mwambie mkwe wangu Sekake, sema hivyo hivyo, mkwe wangu, kwamba nimeandika. Aache kutafuta kondoo asiyepotea. Mwambie habari ya mkewe imenifikia, na kwamba mikono yake imewafikia watu wawili sasa, mmoja hajamwona.

Krismasi nakuja. Nitashukia kwake kabla ya kufika kwenu. Nitachoma sindano yangu mbele yake, naye anipakulie, na nitakula nikijua ninakula cha nani.

Mwambie pia kwamba kona aliikata. Hilo tutabishana kuanzia asubuhi, tukishashiba.

Nduguyo,
Tlali